Theluji ile haikupakwa rangi: kuhusu picha ya Kijapani ya Jumapili

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa utamaduni wa Jumapili iliyopita ulitoa picha ya Kijapani: magogo na mbao zilizofunikwa theluji, mfereji wa maji ya buluu ukipita katikati, mbingu ya kijivu juu. Chini yake mliandika kuwa ni "mchoro wa rangi za maji" na kwamba msanii "ameipaka theluji kwa rangi nyeupe kwa ustadi mkubwa". Picha mmeichagua vizuri. Maelezo ndiyo yenye kasoro mbili, na ya pili inaikuza ya kwanza, kwa sababu hapo hapakupakwa rangi nyeupe hata kidogo. Theluji ile ni karatasi tupu.

Hiyo ni chapa ya ubao, yaani picha inayochapwa karatasini kutoka kwenye mbao zilizochongwa. Mchoraji wake ni Utagawa Hiroshige (1797–1858), na mahali panapoonekana ni Kiba, mtaa wa wauza mbao huko Fukagawa, ng'ambo ya mashariki ya Mto Sumida, katika mji wa Edo ambao leo ni Tokyo. Imo katika mfululizo wake wa mandhari mia moja za Edo, mia kwa jina tu, kwani alizochora yeye mwenyewe ni 118. Hii ni namba 106, na namba hizo zilipangwa kufuata majira ya mwaka, ndiyo maana imeangukia kwenye kipindi cha baridi. Mbao ziliwekwa ng'ambo ya mto kwa sababu Edo ilikuwa ikiungua mara kwa mara. Moto wa 1657 pekee uliteketeza sehemu kubwa ya mji. Magogo yaliachwa yaelee mferejini yasipasuke, na wale watu wadogo mnaowaona juu yake wanayaongoza kwa pondo. Miezi kumi hivi kabla ya chapa hii kutoka, tarehe 11 Novemba 1855, tetemeko kubwa liliangusha majengo mengi ya Edo, na moto ukafuata. Aliyeinunua picha hii mwaka 1856 alikuwa akiishi katika mji unaojengwa upya, na mbao za Kiba ndizo zilizokuwa zikihitajika kila mtaa.

Tarehe yake inajulikana kwa sababu serikali ya wakati huo ilitaka kila picha ikaguliwe kabla ya kuchapwa. Pembeni mwa karatasi kuna mihuri: mmoja wa ukaguzi, mwingine wa mwaka na mwezi, yaani mwaka wa Joka, mwezi wa 8. Kwa kalenda ya zamani ya Japani mwezi huo uliangukia karibu na Septemba. Basi theluji hii iliruhusiwa kuuzwa siku ambazo Edo haikuwa na punje ya theluji. Hiroshige hakukaa ukingoni mwa mfereji huku vidole vikimganda. Aliipanga theluji mezani, naye alijua ni nani atakayeichonga na nani atakayeichapa.

Hapo ndipo neno "mchoro" linapopotosha. Kiswahili kina maneno mawili yanayofanana mno, mchapaji na mchapishaji, na kwa kazi hii tunayahitaji yote mawili. Mchapishaji, yaani mwenye mtaji, hapa ni Uoya Eikichi. Yeye alichagua mada, akamlipa mchoraji, akanunua mbao na karatasi, akapeleka kazi kwenye ukaguzi na kuiuza dukani. Mchoraji alitoa mistari na maagizo ya rangi. Mchongaji alichonga mbao, na mchapaji akabandika karatasi juu yake, moja baada ya nyingine. Hiroshige hakushika patasi wala hakuchapa. Ukitazama sehemu ya chini ya picha utaona mwavuli wa njano uliokatwa na ukingo, wenye herufi moja isomwayo uo, samaki. Ndiyo herufi ya kwanza ya jina la duka la Uoya. Ni tangazo la biashara katikati ya theluji, na bado ndilo doa lenye joto linaloishika picha nzima. Hiroshige aliukata mwavuli huo makusudi, kisha dawati lenu likauongezea mkasi: katika nakala ya gazetini herufi haionekani kabisa.

Sasa tueleze theluji inavyopatikana, maana wasomaji wengi wameona vinyago na milango ya kuchonga ya pwani, na kwa hiyo wanadhani kazi hii ni ileile. Katika mlango wa Unguja, kinachotazamwa ni mchongo wenyewe. Katika ubao wa kuchapia, kilichoachwa juu ndicho kinachoshika wino, na kilichochimbwa hakigusi karatasi. Theluji nyingi maana yake ni mbao nyingi iliyoondolewa. Mahali penye weupe ni mahali ambapo mchongaji amefuta kila kitu katika kila ubao, na mchapaji naye akahakikisha hakuna tone lililopotea njia.

Mchoraji huchora mistari kwa wino mweusi kwenye karatasi nyembamba sana. Karatasi hiyo hubandikwa ubaoni kifudifudi, kwa gundi ya mchele iliyopakwa utandu mwembamba, kisha hukandamizwa kwa kiganja. Gundi ikizidi, mistari huvimba; hewa ikibaki chini, kipande hicho huinuka kisu kinapopita na mstari hupotea. Ikishakauka, mgongo wa karatasi husuguliwa kwa vidole, nyuzi zikitoka kidogo kidogo, hadi ubaki utando tu wenye mistari. Mafuta ya mimea kidogo huufanya ung'ae na kuonyesha kila kitu. Tangu hapo mchoro wa Hiroshige unakatwa pamoja na ubao. Mwisho wa kazi haupo tena. Kwa hiyo anayesema chapa ni "nakala ya mchoro halisi" anatafuta kitu kilichogeuka vumbi la mbao mwaka 1856. Karatasi iliyochapwa ndiyo kitu halisi.

Ubao ni wa mcheri wa mwituni wa Japani, uliopasuliwa kwa urefu wa mti. Ni mgumu, nyuzi zake ni laini na zinalingana, na hauvimbi ovyo ukilowa mara mia kadhaa. Kisu hukata pande zote mbili za mstari kwa mshazari wa kwenda nje, ili mstari usimame juu ya msingi mpana kuliko kichwa chake, kama tuta la shambani. Mchongaji mchanga akiulaza mkono upande usiofaa, msingi unakuwa mwembamba kuliko kichwa, na mstari humeguka baada ya karatasi chache. Baada ya kisu huja patasi na nyundo za kuondoa mbao isiyotakiwa. Karibu na mstari inatosha kushuka milimita 2 au 3. Kwenye uwanja mpana lazima ushuke zaidi, kwa kuwa karatasi mbichi hulegea katikati, na mkono wa mchapaji ukiikandamiza hufika chini na kuokota rangi iliyotuama. Matokeo yake ni theluji yenye madoa ya kijivu. Katika picha ya bustani yenye maua doa kama hilo lingejificha. Katika picha ya theluji hakuna pa kulificha. Ndiyo maana wachapaji huhesabu mandhari ya theluji kuwa kazi ngumu, ingawa kwa jicho la mtazamaji inaonekana kama kazi iliyoachwa nusu.

Katika ubao huohuo wa mistari mchongaji huacha alama mbili za kupangia karatasi: moja ya pembe, yenye umbo la herufi L, na nyingine ya mstari mfupi ulionyooka kwenye ukingo uleule. Wajapani huziita kento. Alama hizi ni ndogo kuliko kipande cha chaki, na kazi nzima inazitegemea. Ubao wa mistari ukishakamilika, huchapwa karatasi kadhaa kwa wino mweusi pamoja na alama hizo. Mchoraji huchukua kila karatasi na kuonyesha sehemu za rangi moja tu: hii ya buluu ya maji, hii ya njano ya mwavuli, hii ya kahawia ya mbao. Kila karatasi hubandikwa kwenye ubao wake na kuchongwa. Kwa kuwa alama za kento zimekuja na karatasi yenyewe, kila ubao unazirithi mahali palepale. Mbao hutumika pande zote mbili, hivyo rangi kumi hazihitaji mbao kumi.

Halafu karatasi. Inayotumika hutengenezwa kwa magome ya kozo, mti wa jamii ya mforsadi, na nyuzi zake ni ndefu kiasi kwamba karatasi mbichi inavumilia kusuguliwa mara 15 au 20 bila kuchanika. Kabla ya kuchapa hupakwa maji yaliyochanganywa gundi ya wanyama na shabu. Mchanganyiko huo huzuia rangi isisambae. Shabu ikipungua, mstari huota ndevu. Ikizidi, karatasi inakuwa kavu na kukatika kwenye mikunjo, na asidi yake huigeuza njano baada ya miaka mingi. Kisha karatasi hulowanishwa kwa brashi, moja baada ya kuruka nyingine, hurundikwa pamoja na kufunikwa hadi unyevu ulingane katika rundo zima.

Unyevu huo ndio unaowashinda wanaojaribu kazi hii kwa mara ya kwanza. Karatasi mbichi hutanuka. Ikikauka kidogo kati ya rangi moja na nyingine, hunywea. Chapa hii ina urefu wa takriban sentimita 36. Ikinywea nusu asilimia tu, umepoteza karibu milimita 2, na buluu ya mfereji itapanda juu ya theluji ya ukingoni huku upande wa pili ukibaki uzi mweupe. Mtu huanza kulaumu kento, anazichonga upya, na kosa linabaki palepale kwa sababu halikuwa ubaoni. Rundo lilikuwa wazi mbele ya dirisha. Dawa ni kulifunika muda wote, kuchomoa karatasi moja moja, na kuirudisha chini ya kitambaa mara tu ikishachapwa.

Rangi haipakwi ubaoni kama rangi ya ukuta. Mchapaji huweka tone la rangi iliyochanganywa na maji, kando yake donge dogo la uji wa mchele, na kuvisambaza pamoja kwa brashi ya singa za farasi. Ncha za singa hulainishwa kwanza kwa kusuguliwa kwenye ngozi kavu ya papa, la sivyo brashi huacha michirizi. Uji unaifanya rangi ilale sawasawa. Ukikosekana, rangi hujikusanya vipele vipele kama ufuta. Wachapaji wengine huutafuta mwonekano huo makusudi kwenye kuta na miamba. Katika maji tulivu ni uharibifu. Karatasi huwekwa kwa kuegemezwa kwenye kento ya pembe kwanza, kisha kwenye ile iliyonyooka, ndipo mkono unaiachia.

Kifaa cha kukandamizia huitwa baren, nacho kinastahili sifa zaidi kuliko kinachopewa. Ndani yake mna kamba nyembamba ya mianzi iliyosokotwa na kuzungushwa bapa, kama ukili unavyozungushwa kuanza kawa. Nyuma ya kamba kuna sahani ya karatasi nyingi zilizogandishwa pamoja, na juu ya vyote kuna ganda la chipukizi la mwanzi lililokazwa hadi likawa nyororo kama ngozi ya ngoma. Upana wake ni kama sentimita 13. Vifundo vya ile kamba ndivyo vinavyosukuma rangi ndani ya karatasi. Mkono peke yake, au kijiko, huiacha juu juu. Ganda hupakwa mafuta kidogo liteleze, na likichakaa hubadilishwa, kazi ambayo mchapaji huifanya mwenyewe na haipendi.

Mistari myeusi hutangulia. Baada yake zinafuata rangi nyepesi na sehemu ndogo ndogo, kisha sehemu kubwa na nzito, na mwisho kabisa ile hali ya rangi kukolea na kufifia mnayoiona mbinguni na majini. Hakuna mchongo unaoifanya. Ubao wa maji ni bapa tu. Mchapaji huupangusa kwa kitambaa chenye maji, huweka rangi kwenye kona moja tu ya brashi pana, na kuivuta kwa mkupuo mmoja: upande mmoja rangi nzito, upande wa pili maji matupu. Ubao ukiwa mkavu mno, ukingo wa rangi huonekana kama umekatwa kwa kisu. Ukiwa na maji mengi, rangi hukimbilia mahali isipotakiwa. Na kila karatasi inaandaliwa upya, kwa hiyo hakuna mbili zinazofanana kabisa. Kwa kawaida awamu ya kwanza ya uchapaji huhesabiwa kuwa karatasi 200, na mtu aliyeurudia mkupuo huo mara 200, tena kwa mbingu na kwa maji, hatujui kwa nini jina lake lisitajwe pamoja na la mchoraji. Wachapishaji wa Edo mara nyingi hawakulitaja.

Uzito wa uamuzi wa mchapaji unaonekana vizuri katika picha nyingine ya Hiroshige, ile ya usiku wa theluji huko Kambara, ya mwanzoni mwa miaka ya 1830. Zipo zilizochapwa weusi ukiwa juu kabisa ya mbingu na kufifia kuelekea chini, na zipo ambazo weusi umekaa chini, nyuma ya paa na vilima, ukififia kwenda juu. Mbao ni zilezile. Kilichobadilika ni upande ambao brashi ilishika rangi, na usiku umekuwa mwingine.

Punje za theluji zinazoanguka ni sura ya peke yake. Katika chapa nyingi hizo nazo ni karatasi tupu: kila punje ni kishimo kilichochimbwa kwenye ubao wa mbingu. Punje ikiangukia mbele ya mti au mtu, kishimo lazima kichimbwe pia kwenye ubao wa rangi ya mti huo, na kwenye ubao wa mistari kama mstari unapita hapo, vyote vikikutana mahali pamoja. Kosa la nusu milimita linaigeuza punje kuwa mwezi mwandamo. Vishimo hivyo huziba kwa uji na rangi kadiri kazi inavyoendelea. Mchapaji makini husimama, akavisafisha kwa maji na kijiti cha mwanzi. Mwenye haraka huendelea, na punje zinapungua karatasi baada ya karatasi. Kwa hiyo punje nyingi, za mviringo, zenye kingo safi ni dalili ya chapa ya mapema. Ipo njia nyingine, ya kunyunyiza unga mweupe wa makombe ya baharini kutoka kwenye brashi, na hapo ndipo pekee ambapo maneno yenu, "rangi nyeupe", yangekuwa na haki. Ni rahisi kuitambua: unga hukaa juu ya karatasi, hutupa kivuli ukiutazama kwa ubavu, na hupukutika.

Katika chapa za gharama kubwa ubao hukandamizwa bila rangi yoyote ili ukingo wa theluji uinuke kidogo. Gazetini hali hiyo haionekani. Ukiwa na karatasi mkononi, iinamishe dirishani utaiona.

Buluu ya mfereji pia ina habari yake. Ni rangi iliyobuniwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18 na kufika Japani kwa meli za Waholanzi na Wachina. Kuanzia karibu 1830 ilishuka bei kiasi cha kutumika kwenye picha za kuuzwa mitaani. Nili ya kienyeji na rangi ya maua iliyotangulia zilikuwa hafifu zaidi, na ile ya maua huchuja haraka mno. Bila buluu ya Berlin, Hiroshige asingekuwa na mto unaotoka kwenye kina cha karibu weusi hadi kwenye maji meupe kwa rangi moja tu. Hivyo theluji "ya Kijapani kabisa" imekaa kando ya maji ya kemia ya Kijerumani, na hilo halimpunguzii mtu chochote.

Wapo wasomaji wenu wenye picha za namna hii nyumbani, wengine wamezileta kutoka masomoni Japani, wengine wamezinunua mitandaoni. Wanaotaka kujua walicho nacho waanze kwa lenzi ya kukuza mara kumi. Picha iliyochapwa kwa mashine ya ofseti ni nukta za rangi nne zilizopangwa safu, hata ndani ya mstari mweusi. Katika chapa ya ubao rangi ni tandiko moja lililozama kwenye nyuzi, na mstari una ukingo ulio wazi. Kisha geuza karatasi. Rangi za chapa halisi hupenya hadi mgongoni, na kwenye sehemu nzito utaona mikwaruzo ya mviringo ya baren. Mbinguni tafuta michirizi ya mbao yenyewe. Mgongo mweupe kabisa, laini, usio na dalili hata moja, ni bango.

Lakini kuwa chapa ya ubao hakuifanyi kuwa ya 1856. Picha za Hiroshige zimechongwa upya na kuchapwa upya mara nyingi, na baadhi ya karakana za Japani hufanya hivyo hadi leo kwa ustadi wa hali ya juu. Hizo si bandia zinapouzwa waziwazi kama chapa mpya. Ubao mpya hutoa mistari mikali kupita kiasi, karatasi nyeupe mno, na mara nyingine pambizo pana zenye jina la karakana. Chapa ya zamani iliyochoka ina mistari iliyokatika na punje zilizoziba. Kwa kazi za karne ya 20 za Kawase Hasui (1883–1957), naye bingwa wa theluji kando ya mito, zilizotolewa na Watanabe Shozaburo, muhuri wa mchapishaji ndio mwongozo: ule mdogo wa mduara wa milimita 6 hutambulisha chapa za kati ya 1946 na 1957. Mihuri iko pembezoni. Fremu inayoficha pambizo imeficha cheti cha kuzaliwa.

Kuhusu utunzaji, pwani yetu ni adui. Hewa ya Dar es Salaam, Mombasa au Unguja ina unyevu unaolisha kuvu, na gundi ya wanyama iliyomo kwenye karatasi ni chakula chake. Madoa madogo ya kahawia yakijitokeza kwenye theluji, kuvu au asidi imeshaanza kazi. Karatasi isigusane na kioo. Iwekwe fremu ya kadibodi isiyo na asidi yenye dirisha la unene wa kutosha kuacha nafasi. Nyuma pasiwekwe mbao laini wala hadibodi, kwani asidi huhamia kwenye picha na kuacha sura ya michirizi ya mbao. Fremu isitundikwe kwenye ukuta wa nje unaopigwa na mvua, na iachwe upenyo kati yake na ukuta hewa ipite. Picha ishikiliwe kwa vipande viwili tu vya karatasi ya kozo, kwenye ukingo wa juu, kwa gundi ya wanga. Selotepu huacha doa lisilotoka. Kuipitisha mashine ya kulaminisha ni kuizika hai, na hakuna fundi atakayeifukua. Mwanga wa jua usiiguse. Majumba ya makumbusho huweka taa za karatasi kwenye kiwango cha luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga), na baada ya miezi michache huitoa ukutani ipumzike gizani.

Jambo moja hukosewa hata na mafundi wazuri. Buluu ya Berlin inahimili mwanga vizuri kuliko rangi nyingi za wakati wake, lakini haivumilii magadi. Sabuni, maji yenye magadi ya kuokea, au dawa za kuondoa asidi zenye asili ya chokaa huigeuza kahawia. Wekundu na njano za mimea huweza kuondoka hata kwa maji matupu. Picha yenye vumbi ipanguswe kwa brashi kavu laini, basi.

Tunaomba basi marekebisho katika toleo lijalo, nayo ni mafupi: Utagawa Hiroshige, "Kiba, Fukagawa", namba 106 ya mandhari mia moja za Edo, chapa ya ubao ya rangi kwenye karatasi, mchapishaji Uoya Eikichi, mwezi wa 8 wa 1856, takriban sentimita 36 kwa 24. Kama mnaweza, itoeni picha tena nzima, pamoja na pambizo zake, na mwambieni fundi wa kurasa asiifanye theluji nyeupe zaidi kwa kompyuta. Karatasi ya kozo ina rangi ya maziwa yaliyochemshwa. Ikisafishwa hadi kuwa nyeupe pepe, mbingu ya kijivu nayo hupauka na punje zinazoanguka hazionekani tena.

Wenu,
Wachapaji wawili wa picha za ubao,
Dar es Salaam